Kutoa shaba sugu kwenye mtutu wa bunduki ya zamani

Ukikaa na wenye bunduki za kurithi huku Kanda ya Ziwa, kuanzia Magu mpaka Sengerema, utasikia lalamiko lilelile: "Hii imezeeka, haishiki shabaha tena." Huenda ni kweli. Lakini kabla hujaihukumu, chungulia ndani ya mtutu. Mara nyingi chuma bado ni kizima, ila kimefunikwa na shaba ya miaka mingi ambayo hakuna aliyewahi kuitoa. Kila aliyeishika alipitisha kitambaa chenye mafuta, kikatoka cheusi, akapitisha kingine kikatoka cheupe, akaridhika. Mafuta hayatoi shaba.

Maelezo haya ni ya raifo za boliti, zile za kukoki kwa mkono, za saizi za risasi kama .303 ya Mwingereza, .30-06, .375 na jamaa zake. Gobore na shotigani hazimo humu. Marisau hayana koti la shaba, na uchafu wake una tiba nyingine.

Shaba inavyoganda

Kichwa cha risasi ya raifo huvikwa koti la madini laini, kwa kawaida shaba asilimia 95 na zinki asilimia 5. Kichwa hicho ni kinene kidogo kuliko tundu la mtutu, kwa makusudi, ili mifereji ya ndani ikiume na kukizungusha. Kikipita kwa kasi na joto, kinaacha utando. Kwenye mtutu mpya na laini utando ni mwembamba. Kwenye mtutu wa zamani wenye vishimo vya kutu, kila kishimo hukwangua koti kama mbuzi inavyokwangua nazi.

Sasa lishike hili, maana ndilo linalowachosha wengi. Baada ya shaba kuganda, risasi inayofuata inaacha masizi ya baruti juu yake, kisha shaba nyingine juu ya masizi, kisha masizi tena. Ni matabaka. Dawa ya shaba ikikuta masizi inakwama, na dawa ya masizi ikikuta shaba nayo inakwama. Mtu anayetumia dawa moja tu atasugua wiki nzima na kusema shaba yake haitoki, kumbe amesimama mlangoni.

Bunduki za .303 zina jambo la ziada. Risasi za zamani za kijeshi zilivikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao huganda kwa mabonge yenye rangi ya fedha, hasa karibu na mdomo wa mtutu. Ukiona mabonge ya namna hiyo, jua kazi yako imeongezeka mara kadhaa, kwa sababu dawa za kawaida huyala polepole mno.

Kabla hujagusa kitu

Toa magazini. Vuta boliti, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho, kisha ingiza kidole kwenye chemba, maana jicho hudanganya. Toa boliti kabisa na uiweke mezani mahali unapoiona. Risasi zote zipeleke chumba kingine na mlango ufungwe. Kama nyumbani kuna zaidi ya bunduki moja, usichanganye boliti, hasa za .303. Kila boliti ilipimwa na mtutu wake, na boliti ya kuazima inaweza kuacha nafasi nyuma ya ganda la risasi, ganda likapasuka usoni pako.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bunduki hukaa kwa mwenye leseni yake. Usimwachie kijana wa mtaani "anayejua mambo haya" akaondoka nayo. Kazi ya ufundi wa silaha nayo ina leseni yake. Na kama bunduki ni ya urithi na bado iko kwa jina la marehemu, anzia polisi, si kwenye brashi.

Wapi ufanyie kazi? Dawa kali za shaba zina amonia, na amonia huchoma macho na kifua, kwa hiyo hewa inahitajika. Lakini kutandika raifo barazani Igoma au Nyegezi, hapa Mwanza, watoto wanapita, majirani wanahesabu, si busara. Chumba chenye madirisha mawili kinatosha. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, fungua yote mawili na uukalie kwa mgongo ili harufu ielekee mbele yako. Vaa glavu za mpira na miwani.

Onyo moja ninalolirudia kwa kila mtu: usichanganye dawa yenye amonia na jiki, wala usitumie chupa au beseni lililokuwa na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kukulaza hospitali.

Vifaa

Kitu cha kwanza ni mdeki mzuri, yaani ile fimbo ya kupitisha kitambaa, wa kipande kimoja, wa chuma kilichonyooka au uliofunikwa plastiki, wenye mpini unaozunguka. Ile ya vipande vitatu vya kuunganisha kwa skrubu hupinda, na maungio yake hukwangua matuta ya mtutu, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifereji. Wenye .303 wengi wana ile kamba ya kuvutia kitambaa inayohifadhiwa ndani ya kitako. Inafaa kwa usafi wa porini. Kwa kazi hii haifai, na ukiivuta kwa upande kila mara itaula ukingo wa mdomo wa mtutu.

Kisha: brashi ya nailoni kwa dawa ya shaba, brashi ya shaba nyeusi (bronzi) kwa masizi tu, ncha ya plastiki au chuma ya kushikia kitambaa, na vitambaa. Fulana kuukuu ya pamba inatosha. Kata vipande vya kama sentimita tano kwa tano kwa mitutu ya saizi ya .30, halafu punguza mpaka kipande kipite kwa kubana kidogo bila kukwama. Kata vingi kuliko unavyodhani, kisha ongeza.

Dawa ni mbili: ya masizi na ya shaba. Za shaba ziko za aina mbili. Kuna zenye amonia, kali na za haraka, kama Sweet's 7.62, na kuna za povu zisizo na amonia, kama Wipe-Out, zinazofanya kazi taratibu na hazina harufu ya kukimbiza watu. Ulizia kwenye duka la silaha lenye leseni, na ukikosa hapa mjini waombe wakuagizie. Kwa mtutu wa zamani mimi huchagua povu. Ni ghali zaidi, ila unaipulizia jioni, unaenda kula sato wako, na haikuadhibu ukichelewa. Pata pia bomba la kuongozea mdeki, linaloingia mahali pa boliti ili mdeki upite katikati.

Vya kuacha: asidi ya betri, siki, soda, na limao lenye chumvi. Najua limao na chumvi hung'arisha shaba ya mapambo hadi ikawa kama mpya. Lakini asidi haichagui, itakula shaba na chuma pamoja, na chumvi itakayobaki ndani ya vishimo itaita kutu kabla hujalala. Petroli iache kwenye bodaboda. Msasa na pamba ya chuma visiingie kwenye mtutu kabisa. Nimeona mitutu mingi iliyouawa na usafi kuliko iliyouawa na risasi.

Soma mtutu kwanza

Simamisha kipande cha karatasi nyeupe kwenye chemba, kimulike kwa tochi, chungulia kutokea mdomoni. (Boliti iko mezani, sivyo? Iangalie tena.) Shaba huonekana kama michirizi ya rangi ya dhahabu-nyekundu juu ya matuta, zaidi kwenye sentimita chache za mwisho karibu na mdomo. Masizi ni meusi na mazito zaidi upande wa chemba. Kutu ni kahawia na haina mng'ao. Jicho linaona mwanzo tu na mwisho wa mtutu, katikati hulioni vizuri. Ndiyo maana hukumu ya mwisho itatolewa na kitambaa.

Tazama pia ukingo wa mdomo wenyewe. Ukiwa umelika upande mmoja au una pengo, bunduki itapotoa shabaha hata ukitoa shaba yote, na hapo unahitaji fundi.

Hatua ya kwanza: maji ya moto, kama risasi zilikuwa za zamani

Fataki, yaani viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda, za risasi nyingi za kijeshi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo haiyeyushwi na mafuta wala dawa ya shaba, huyeyushwa na maji. Na kwa unyevu wa huku ziwani, chumvi ikibaki usiku mmoja asubuhi unakuta ukungu wa kahawia. Ikiwa hujui bunduki ilipigishwa risasi gani, chukulia kwamba zilikuwa hizo.

Chemsha maji kama lita moja. Elekeza mdomo wa mtutu chini kwenye ndoo, weka faneli yenye mpira mwembamba kwenye chemba, mimina. Joto lenyewe litaukausha mtutu haraka, umalizie kwa vitambaa vikavu. Angalia maji yasiingie kati ya mbao na chuma. Mbao ya mbele ya .303 hufunika karibu mtutu wote, na maji yakijificha humo utafuga kutu usiyoiona. Kama yameingia, fundi afungue mbao, usijaribu kwa bisibisi ya jikoni.

Hatua ya pili: masizi

Laza bunduki mezani, kitako juu kidogo, mdomo chini, ili dawa isirudi kwenye triga na mbao. Dawa hizi hula vanishi. Kama una jiliwa, ifunge kwa kuivika kitambaa kinene, na ubane mbao, si mtutu.

Ingiza mdeki kutokea chemba siku zote. Kuingiza kutokea mdomoni ndiko kunakoharibu ule ukingo niliousema, na ukingo ukilika hakuna dawa ya chupa itakayourudisha.

Pitisha kitambaa kilicholowa dawa ya masizi, subiri dakika kumi, kisha brashi. Brashi itoke kabisa mdomoni kabla ya kuirudisha, usiigeuze ikiwa ndani. Mara kumi kwenda na kurudi zinatosha kwa kuanzia. Fuata na vitambaa mpaka weusi upungue. Usisubiri uishe. Mwingine umelala chini ya shaba, na hutaufikia leo hii.

Futa dawa yote kwa kitambaa kikavu. Dawa mbili zisikutane ndani ya mtutu isipokuwa maandishi ya chupa yanaruhusu.

Hatua ya tatu: shaba

Hapa ndipo penye kazi, na kazi yenyewe kubwa ni kusubiri.

Kwa dawa ya amonia: lowesha kitambaa, pitisha polepole, fuata na brashi ya nailoni iliyolowa mara tano au sita, kisha acha. Isizidi dakika 15, na isikauke ndani. Amonia ikikauka kwenye chuma huacha madoa, na huku kwetu saa saba mchana chini ya bati inakauka kabla hujageuka. Pitisha kitambaa kikavu uone rangi. Kwa dawa ya povu: puliza kutokea chemba mpaka povu litoke mdomoni, acha kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha futa.

Rangi ndiyo lugha ya kazi hii. Bluu au kijani-bluu ni shaba inayotoka, furahi. Nyeusi maana yake umefika kwenye tabaka la masizi, rudi hatua ya pili. Kahawia-nyekundu ni kutu, hiyo inatoka kwa mafuta mepesi na subira, na itaacha kishimo chake palepale. Kitambaa cheupe baada ya dakika kumi na tano za dawa maana yake umemaliza, au umekutana na masizi. Hakikisha kwa kurudia masizi mara moja, kisha shaba tena.

Basi ni kupokezana: masizi, shaba, masizi, shaba. Mtutu ulioachwa miaka mingi hauishi kwa siku moja. Fanya mizunguko mitatu au minne, kausha, paka mafuta, funga, endelea kesho. Anayetaka kumaliza leo ndiye anayeishia kutafuta msasa.

Bluu isiyokwisha

Mzee mmoja wa Ilemela aliniita akiwa amekata tamaa. "Mwanangu, siku ya nne leo. Kitambaa bado bluu. Hii bunduki imeumbwa kwa shaba?"

"Shikamoo mzee. Hebu nioneshe mdeki wako."

Ncha yake ilikuwa ya shaba ya njano. Dawa ilikuwa inaila ncha, si shaba ya mtutu. Mtutu wake ulikuwa umeshatakata, nadhani tangu siku ya pili. Kwa hiyo kagua kila kinachogusana na dawa: ncha, brashi, hata skrubu ya kuunganishia. Jaribio ni rahisi. Dondoshea dawa kwenye ncha, ifute na kitambaa safi. Ikitoka bluu, umempata mwongo wako. Ikibidi kuitumia ncha hiyo, iwe kwa vitambaa vikavu tu, na brashi ya shaba nyeusi ibaki kwenye masizi.

Shaba iliyokataa

Kama mizunguko mingi haijaleta kitu na bado unaona michirizi karibu na mdomo, kuna krimu ya kusugulia ya mitutu, laini sana, inayouzwa kwa kazi hiyo hiyo. Paka kwenye kitambaa kinachobana, sugua kwa miondoko mifupi pale penye shaba tu, mara ishirini hivi, futa, angalia. Kwenye sentimita mbili za mwisho usiruhusu kitambaa kitoke na kurudi mdomoni. Kisha osha krimu yote kwa dawa ya masizi, maana chembe zake zikibaki risasi ya kwanza itazitumia kusaga mtutu.

Njia ya umeme, ya kutumbukiza fimbo kwenye mtutu uliojaa dawa na kuunga betri, inasifiwa sana na wapenda majaribio. Inafanya kazi. Ukigeuza waya au ukisahau muda, inakula mtutu wenyewe. Siipendekezi nyumbani. Vivyo hivyo kwa yale mabonge ya nikeli kwenye .303: zamani majeshi yalikuwa na mchanganyiko mkali wa amonia kwa ajili yake, lakini ni kitu cha kusimamiwa na mtu aliyefunzwa. Mwanza haikosi watu wanaoijua bunduki, chuo cha wanyamapori cha Pasiansi kipo hapa tangu 1966. Muulize askari mstaafu wa wanyamapori akuelekeze kwa fundi mwenye leseni.

Na ujue pa kuacha. Mtutu wenye vishimo utabaki na rangi kidogo ndani ya vishimo hivyo, na si lazima itoke. Shaba iliyojaza kishimo wakati mwingine inaupa mtutu ulaini ambao ukiutoa wote, risasi chache za kwanza zitakwenda ovyo mpaka vijae tena. Lengo ni matuta na mifereji kuwa safi. Kioo cha kujitazamia utakipata Rock City Mall.

Kufunga kazi kando ya ziwa

Mtutu uliotoka kusafishwa ni chuma kitupu, hauna hata ule utando mchafu uliokuwa ukiukinga. Futa dawa kwa vitambaa vikavu mpaka harufu ya amonia iishe, pitisha kimoja chenye spiriti, kausha, kisha kimoja chenye mafuta mepesi ya silaha. Ya cherehani yanafaa kwa siku chache. Chemba nayo ikaushwe na kupakwa kidogo sana.

Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na bluu hafifu, ni shaba iliyolainika usiku, irudie mara moja. Kikitoka kahawia, chumvi au maji yalibaki, rudi kwenye maji ya moto bila kungoja. Masika, Machi hadi Mei, kagua kila wiki. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, gunia wala mfuko wenye sponji, vyote hunywa unyevu na kuushikilia. Kabati la chuma lenye kufuli, lisilogusa ukuta wa nje, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, ndilo bora.

Vitambaa vichafu na dawa iliyotumika visimwagwe mtaroni wala ziwani. Shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki, na kwa konokono ni kali kiasi kwamba chumvi ya shaba iliwahi kutumika kuwaua konokono wa kichocho. Weka kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto na kuku, kisha litupwe na taka za karakana.

Siku ya kupiga

Kabla ya risasi ya kwanza toa mafuta kwa vitambaa vikavu viwili, kisha chungulia kutoka chemba mpaka uone mwanga wa duara kamili. Kitambaa kilichosahaulika ndani kinaweza kupasua mtutu. Rudisha boliti yake yenyewe.

Kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, risasi mbili tatu za mwanzo usizihesabu, mtutu uliooshwa hupiga pembeni hadi utulie. Kuanzia hapo andika: risasi ya ngapi matundu yalianza kutawanyika kwenye karatasi. Kama ni ya arobaini, safisha shaba kila ukifika thelathini, na kila urudipo nyumbani toa masizi siku hiyohiyo kabla hayajafunikwa tena.